Mtoto mwenye ualbino darasani: mwambie mwalimu afanye nini hasa

Binti yangu ana ualbino na anasoma darasa la tano katika shule ya kawaida ya msingi. Wazazi wenzangu wakiniuliza, huanza na jua. Jua lina umuhimu wake: mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, losheni ya kukinga jua asubuhi na tena mchana. Kama taratibu za sare zinakataza kofia, muone mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza. Ila darasani kinachomkwamisha zaidi ni macho.

Uoni hafifu wa ualbino hauishi kwa miwani, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikukomaa. Miwani inasaidia, lakini mtoto anaweza kuivaa, akaketi dawati la mbele, na bado asisome ubao. Mwalimu asiyelijua hilo atamhesabu kuwa mvivu wa kunakili.

Ukimwomba mwalimu "nisaidie mwanangu", atakubali kwa moyo mweupe, kisha atabaki hajui aanzie wapi, na ana darasa zima la kuhudumia. Kwa hiyo kila mwaka naandika karatasi moja na kuwapa walimu wake wote. Naomba akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake, maana mwanga wa usoni unamuumiza. Mwalimu akiandika ubaoni, atamke anachoandika. Mtoto akitaka kusogelea ubao, ainuke tu bila kuomba ruhusa. Akiinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, asinyooshwe: macho yake huchezacheza, na katika pembe hiyo ndipo yanatulia. Akileta kitabu karibu na pua, aachwe, hakimharibu macho. (Hili la mwisho waelezeni na bibi zao nyumbani, wao ndio hukemea zaidi.)

Mpeleke pia kwenye huduma ya uoni hafifu. Hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam wanayo. Anaweza kupewa darubini ndogo ya kusomea ubao. Wa kwangu aliificha kwenye begi kwa aibu, mpaka mwalimu wake alipoizungusha darasa zima, kila mtoto akachungulia. Nampenda mwalimu yule kwa hilo. Siku hizi wenzake wanaiazima.

Ukiambiwa umpeleke "shule yao", yaani shule maalumu ya wenye ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata msaada anaouhitaji humo humo. Ongea kwa upole, lakini usiondoke na mtoto.

La mitihani wengi hulikumbuka kwa kuchelewa. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo yanategemea shule kuonyesha hali ya mtoto wakati wa kumsajili. Kabla ya upimaji wa darasa la nne nilikwenda shuleni, nikaomba nionyeshwe taarifa zake zilivyojazwa. Nenda na wewe wakati usajili ungali wazi. Waombe walimu wamzoeshe maandishi hayo na muda huo kwenye majaribio ya kila mwezi, asikutane navyo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe.