Kwa nini simu huchukua maneno vizuri na kuharibu muziki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia kwamba simu ya mkononi hubana sauti ya mzungumzaji ili itumie nafasi ndogo hewani. Inawezekanaje sauti ibanwe kiasi hicho na bado nimtambue anayezungumza? Tena mbona muziki ukipigwa katika simu hiyohiyo huharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako mawili yana jibu moja. Simu ya kidijitali isiyobana sauti hupima wimbi lake mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti (tarakimu za 0 au 1) 8, yaani biti 64,000 kwa kila sekunde. Kodeki, yaani mbinu ya kubana sauti na kuifungua tena, ya kwanza ya mfumo wa simu za mkononi wa GSM hutumia biti 13,000 tu, kwa sababu haijaribu kulituma wimbi zima. Hutuma maelezo ya jinsi lilivyotokea.

Tunapozungumza, nyuzi za sauti hutetema, au hewa husuguana mahali pembamba kama katika herufi "s", kisha koo, ulimi na midomo huupa mlio huo umbo. Viungo hivi ni vizito kidogo, na ndani ya milisekunde 20 huwa havijasogea sana. Basi kodeki hukata sauti vipande vya urefu huo na kukokotoa, kwa kila kipande, namba chache za umbo la njia ya sauti, za nguvu yake na za mwendo wa mtetemo, ambazo simu ya pili huzitumia kuunda sauti upya.

Wazo la kutuma maelezo badala ya wimbi si geni: Homer Dudley wa maabara za Bell, Marekani, alilifanyia kazi katika miaka ya 1930. Hata hivyo, mitambo iliyotegemea namba hizo peke yake, kwa mfano ile ya biti 2,400 kwa sekunde, ilitoa maneno yanayoeleweka kwa sauti ya kimashine, na kumtambua msemaji kukawa kugumu. Ndiyo maana GSM hutuma pia sehemu ya mabaki ambayo namba hazikuweza kuyaeleza, nayo ndiyo hula biti nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, gharama hiyo ni halali.

Muziki, kwa upande wake, hautoki katika koo moja. Ala kadhaa zinapolia pamoja, maelezo ya koo na ulimi hayazitoshi, na kodeki hulazimisha yasiyolingana. Kodeki ya Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, imeunganisha mbinu ya usemi na mbinu nyingine inayofaa muziki, na inaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine mazungumzo yakiendelea.