Kabla Hamjailaumu Lami: Kwa Wahandisi Wapya wa Uchunguzi wa Barabara

Wadogo zangu, ripoti zenu zinazonifikia msimu huu zinaanza na majibu ya maabara na kuishia kwa kumlaumu mkandarasi, na katikati yake siioni barabara yenyewe. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu makosa haya ni ya zamani.

1. Tembeeni kwa miguu kabla ya kuita mashine ya kukatia sampuli.

2. Chimbeni mtaro unaokatiza njia nzima. Hapa nitakaa, maana jambo hili linaniuma hadi leo. Timu niliyoanzia kazi ilipewa kuchunguza mwinuko mrefu wa barabara kuu ya malori, ambako mifereji, yaani mabonyeo marefu ya lami, ilikuwa imejitokeza kwenye mapito ya magurudumu mapema mno. Tulikata sampuli ndani ya mapito tu, bila kukata hata moja kati ya pito moja na jingine wala kwenye kipande kilichokuwa bado kizima, kisha tukapima tabaka la msingi kwa DCP (fimbo inayogongwa kwa nyundo kupima ugumu wa tabaka) mara baada ya masika, tukaandika kwamba msingi ni dhaifu na kupendekeza tabaka jipya la lami la sentimita 5. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu tangu asubuhi ya kwanza: kando ya kila mfereji lami ilikuwa imeinuka kama tuta la viazi, dalili kwamba mchanganyiko wenyewe ulikuwa unasukumwa pembeni na malori yanayopanda polepole juani. Fedha za umma zikatumika, mifereji ikarudi, na mtaro ulipochimbwa hatimaye, uso wa msingi ukaonekana umenyooka kabisa. Tabaka lililostahili kukwanguliwa na kuondolewa tulikuwa tumelifunika, na dereva wa lori ndiye aliyeendelea kupambana na usukani kwenye mwinuko ule.

3. Linganisheni palipoharibika na palipo salama. Nafasi za hewa ndani ya lami zikiwa chini ya asilimia 3 kwenye mapito, hazithibitishi kwamba bitumeni, ile gundi nyeusi ya lami, ilizidi tangu kiwandani, kwa kuwa magurudumu nayo hushindilia. Sampuli iliyokatwa kati ya pito moja na jingine ndiyo itakayowaonyesha hali ilivyokuwa karibu na siku ya kwanza. Nafasi hizo za hewa zikizidi asilimia 8, fuateni njia ya maji, maana ndimo yanamopenya.

4. Nendeni mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na kwa kanuni ya kipeo cha nne, yaani madhara hukua kwa uwiano wa uzito uliopandishwa kipeo cha nne, ekseli ya tani 12 huumiza barabara takriban mara mbili ya ile ya tani 10. Kijana anayenakili idadi ya magari kutoka ripoti ya usanifu, bila kuuliza yalibeba nini, bado hajaanza kuchunguza.

5. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, angalieni mabega ya barabara na kalvati kwanza, hasa nyufa ndefu zinapofuata ukingo.

6. Mtafuteni aliyeendesha rola. Maabara haitawaambia kwamba lori la lami lilikwama foleni jioni ile hadi mzigo ukapoa, ukamwagwa hivyo hivyo na kugoma kushindilika. Yeye anakumbuka, na mara nyingi anakumbuka hata kilomita. Andikeni kilomita hiyo, kisha kateni sampuli hapo.