Mbwa wa ulinzi naye anataka mtu wa kukaa naye

Wengi wetu mijini hatukuanza kufuga mbwa kwa mapenzi. Tulianza kwa sababu ya wezi. Umehamia nyumba mpya Kibamba au Goba, Dar es Salaam, ukuta bado wa nusu, taa za nje hazijafungwa, na usiku wa kwanza unasikia mtu anatingisha geti. Kesho yake unaulizia nani ana watoto wa mbwa. Sina ugomvi na sababu hiyo. Ugomvi wangu ni na tunachofanya baadaye: tunamjengea banda la mabati nyuma ya choo, tunamtupia ugali jioni, basi, tunasema tunafuga mbwa. Nataka kukushawishi kwamba huyohuyo wa ulinzi anaweza kuwa mwenzako wa kweli hapo nyumbani, na kwamba akishakuwa mwenzako atalinda vizuri zaidi.

Mbwa wangu sikumchagua. Siku ya kukabidhiwa nyumba ninayopanga, mwenye nyumba alinionyesha luku, tangi la maji na mahali pa kutupa taka, halafu akanyoosha kidole kwenye banda: "Na huyu ni wa hapahapa, anaitwa Tomi." Dume la kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanika, linafungiwa alfajiri na kufunguliwa saa nne usiku. Alikuwa anabwekea kila kitu: bodaboda, paka, embe likidondoka, na mimi mwenyewe niliyekuwa nalipa kodi. Watu humsifu mbwa wa aina hiyo kwamba ni mkali. Mimi naona hana faida. Mbwa anayebwekea kila kitu hakupi habari yoyote. Baada ya mwezi mnalala fofofo huku anabweka, na mwizi analijua hilo kuliko ninyi.

Nilianza na kigoda. Jioni nikishatoka kazini na kuoga, nilikuwa nakaa kando ya banda na bakuli la mihogo, nimempa ubavu, simwiti wala simkazii macho. Hili la macho lishike: mbwa asiyekuzoea ukimkodolea anaona unamtafutia shari. Nilikula changu, nikasikiliza taarifa ya habari, na mara mojamoja nikatupa kipande cha muhogo karibu na wavu. Mwanzoni alibweka mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akawa anajilaza tu ananitazama. Siku aliposogeza pua kwenye wavu bila kunguruma ndipo nilipofungua mlango, kukiwa bado na mwanga, nikarudi kukaa. Alizunguka uwanja wote akinusa, akakojolea tairi, kisha akaja kujilaza hatua chache kutoka miguuni pangu. Kama huna muda wa kusoma makala yote, chukua hilo la kigoda uende nalo.

Macho yenyewe yana wakati wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa utulivu, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ndiyo hiyohiyo inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto wake mchanga. Mbwa mwitu wa aina ya wolf waliolelewa na watu hawakuonyesha hivyo. Sasa Tomi akiweka kidevu kwenye goti langu na kunitazama, huwa simfukuzi hata nikiwa nimevaa suruali ya kazini. Na ulinzi? Amekuwa mkimya kiasi kwamba akibweka usiku naamka na tochi, maana najua pana mtu.

Kama unaanza na mtoto wa mbwa, una bahati kuliko mimi, ila usiiharibu kwa haraka. Kuna mtindo wa kumchukua akiwa hata hajatimiza mwezi, eti akuzoee mapema. Mwache na mama yake hadi wiki ya nane. Anapocheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kiasi cha kung'ata kisichoumiza, na hilo wewe huwezi kumfundisha. Akishafika kwako, usimfiche ili awe mkali. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili ndicho kipindi anachojifunza dunia ikoje, kwa hiyo aone watoto, wazee wenye fimbo, mama muuza mboga, mvua, pikipiki. Mbwa aliyekulia gizani hutuambia kila mtu ni adui kwa sababu kweli anaogopa kila mtu, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa jirani.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona mbwa wengi wanauawa na watu wanaowapenda. Nyumba nyingi zina kauli hii: unga umeharibika, usitupe, mpikie mbwa. Tafadhali utupe. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata ugali ukisongwa mpaka ushikane na sufuria. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika nayo upesi sana: anaacha kula, anatapika, ufizi na macho vinageuka manjano kwa sababu ini linakufa. Mwenye mbwa anasema karogwa au kalishwa sumu na jirani, kumbe sumu ilitoka kwenye gunia la stoo yake mwenyewe. Unga usioula wewe, usimpe yeye.

Mimi Tomi nampikia dona kwa dagaa, na nikipata nafasi ya kwenda buchani naongeza mapupu au utumbo. Mapupu na maini yachemshe mpaka yaive kabisa. Nyama za ndani mbichi zinaweza kuwa na malengelenge ya mnyoo aina ya Echinococcus. Mbwa akiyala anabeba mnyoo, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayeshika manyoya yake kisha akala bila kunawa anaweza kuota uvimbe kwenye ini au mapafu. Kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi. Ndiyo maana dawa ya minyoo ya mbwa ni sehemu ya afya ya nyumba nzima. Makombo ya pilau yaliyojaa vitunguu usimpe, vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Chokoleti pia hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kwa ncha kali, iache. Na maji! Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema ulimi nje, na banda la bati kwa joto la Dar es Salaam la Januari na Februari ni tanuri. La Tomi nilimwomba fundi alihamishie chini ya mwembe. Kazi ya saa moja, na malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya kreti ya soda.

Chanjo. Ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, haina mjadala. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu ni nadra sana kupona. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo maeneo mengi huwa na kampeni za chanjo; muulize afisa mifugo wa kata yako. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, hata wenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta ya taa, usipake vumbi la betri, usisubiri kuona mbwa atafanyaje.

Mtoto wa mbwa anahitaji pia chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, akirudia kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kama 16. Virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi mingi, hivyo kama umepoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, usilete mwingine mwezi ujao kwenye uwanja uleule. Na distempa si shida ya mbwa peke yao. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Huwa nawaambia haya wanaoniona nimepoteza hela: chanjo ya mbwa mmoja wa kijijini ina uhusiano na simba wa Serengeti.

Kuhasi nitasema kwa ufupi. Dume aliyehasiwa hatoroki sana kufuata majike, na jike akifungwa kizazi hutahangaika na watoto kila mara. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu. Mwachie daktari wa mifugo afanye kwa ganzi. Habari za wembe na kijana wa mtaani sitaki kuzisikia.

Kuna jambo ambalo makala za kigeni za mbwa hazikuambii: majirani. Mtaani kwangu Waislamu ni wengi, na madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi pwani yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kinachoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama wa nyumba ya pili aliniambia wazi, "Jirani, mbwa wako simchukii. Ila asinilambe, nakwenda kuswali." Nikamuuliza kama mimi kufuga mbwa kunamkera. Akacheka, akasema mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, halafu akanisimulia hadithi iliyomo katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu, akashuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tangu hapo tumekubaliana: Tomi hatoki getini bila kamba, na saa za watu kwenda msikitini simtoi kabisa. Mapenzi yako kwa mbwa wako yasiwe mzigo kwa mtu mwingine. Mgeni akisema anaogopa, usimjibu "hang'ati huyo". Mfunge, kisha fungua geti.

Watoto nao wafundishwe mambo mawili: mbwa akila haguswi, mbwa akilala haamshwi kwa kurukiwa. Kutikisa mkia si furaha kila wakati. Mkia uliokakamaa juu na mwili umeganda ni onyo.

Na kufa watakufa kabla yetu, wengi wakifikisha miaka kumi na kitu wamejitahidi. Tukiwa wadogo nyumbani kwetu Moshi tulimzika mbwa mgombani na mjomba mmoja akatucheka, "Mnalilia mbwa?" Siku hizi ningemjibu. Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la miaka kama 14,000: mwanamume, mwanamke, na mbwa mchanga. Meno ya mbwa huyo yalipochunguzwa miaka mingi baadaye yalionyesha aliugua distempa kwa wiki kadhaa na asingeishi hata hizo bila kulelewa. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi, na bado mtu alimhangaikia. Kwa hiyo mtoto wako akilia, mwache alie, mpe jembe asaidie kuchimba, na shimo liwe refu ili wanyama wasifukue. Isipokuwa mmoja: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, akatokwa udenda, akang'ata hovyo kabla ya kufa, usimshike. Piga simu kwa afisa mifugo.

La mwisho ni Desemba. Sisi wa Kilimanjaro tunapanda kwenda nyumbani Krismasi, nyumba zinabaki na mbwa, na wengine huwaachia sufuria ya ugali kana kwamba watajigawia. Tafuta mtu aje mara mbili kwa siku, amlishe na akae naye kidogo. Mtambulishe kwa mbwa mapema, aje jioni kadhaa mkiwa wote wawili, alishe kwa mkono wake. Muachie unga, dagaa, namba ya daktari wa mifugo na pesa ya dharura, na mlipe vizuri. Lipange hilo mapema mwezi huo, kwa sababu ukifika tarehe 20 kijana uliyemtegemea naye atakuwa kwenye basi la Moshi.