Usinunue antivirusi kwanza: jibu kwa mwenye flashi zilizogeuka shotikati

Mkuu mleta mada, nimekusoma mwanzo hadi mwisho. Umechukua laptopu ya mtumba yenye Windows 10 na RAM ya GB 4, muuzaji akakupigia Windows na Office za kraki, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni, akakuongezea na antivirusi ya kraki kama zawadi. Sasa kila flashi unayochomeka folda zinageuka shotikati, yaani njia ya mkato tu badala ya folda yenyewe, watoto wanalalamika kazi zao za shule zimepotea, na unauliza ununue antivirusi gani. Mimi ni fundi kompyuta, wateja wangu wengi ni walimu, wanachuo na familia kama yako, na tatizo hili linaletwa mezani kwangu kila mara. Usinunue. Hela hiyo nunulia diski ya nje, huko chini utaona kwa nini.

Kazi za watoto hazijapotea, tuanze na hilo ili roho itulie. Kirusi cha aina hii kinachofanya ni kuzipa folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ndiyo maana huzioni hata ukiruhusu Windows ionyeshe vilivyofichwa. Kisha kinatengeneza shotikati yenye jina lilelile na picha ya folda. Ukibofya, hati ndogo ya amri (script) iliyojificha kwenye flashi inaendeshwa kimyakimya, halafu folda yako halisi inafunguliwa kama kawaida. Hushtuki. Wakati huo kirusi kimeshajinakili ndani ya kompyuta na kujipanga kuamka kila unapoiwasha, na kuanzia hapo flashi yoyote safi itakayochomekwa inaondoka nacho.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza muda: wanafomati flashi, wanairudisha kwenye kompyuta ileile, kesho wanalalamika upya. Safisha kompyuta kwanza, flashi iwe nje. Hiyo antivirusi ya kraki iondoe kabisa, zima na kuwasha, kisha Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, itajiwasha yenyewe. Ikigoma kuwaka, mara nyingi ni kwa sababu aliyekupigia Windows aliizima makusudi ili kraki zake zipite, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kupiga Windows upya. Ikiwaka, ingia Windows Security, sehemu ya virusi, chagua skani ya Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira madogo ambamo kirusi hakijapata nafasi ya kuamka, itajikagua kama robo saa hivi, kisha itarudi.

Baada ya hapo chomeka flashi, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Usibofye chochote ndani yake. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Folda halisi zitajitokeza. Futa shotikati zote na hati zozote zenye mwisho wa .vbs au .js ambazo hukuziweka wewe. Hapo watoto watapata kazi zao.

Mdau mmoja huko juu kasema flashi ikichomekwa tu kirusi kinaingia chenyewe. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoanza kusambaa mwishoni mwa 2008, kilipita kwenye mlango huo wa flashi kujiendesha yenyewe. Windows 7 ikaufunga kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakazisukumia Windows XP na Vista sasisho la kufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana virusi vya flashi vya leo vinahitaji kidole chako, na ndiyo maana vinavaa sura ya folda.

Flashi yako imekipata wapi kirusi hiki? Nitabeti ni steshenari. Kompyuta ya steshenari inapokea flashi za mtaa mzima kuanzia asubuhi, na mara nyingi haina sasisho lolote. Siwalaumu, biashara yao ni kuprinti. Kazi ya kuprinti itume kwa barua pepe au WhatsApp ikiwa PDF, flashi ibaki nyumbani. Penye ulazima, kuna mbinu watu hawaijui: ile adapta ya kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu (microSD), inayoigeuza kuwa kadi kubwa ya kamera, ina kiswichi kidogo pembeni. Kisogeze upande wa kufunga, na visoma kadi vingi vitakataa kuandika chochote ndani yake. Kirusi kitaiona kadi lakini hakitaacha kitu.

Sasa nije kwenye kraki, ambako najua nitapata wapinzani.

Sizungumzii haki za wenye programu, hilo wenyewe watalisemea. Nazungumzia jinsi kraki inavyokuja. Karibu kila maelekezo ya kraki yanaanza na sentensi moja: zima antivirusi yako kwanza. Yaani mtu usiyemjua anakuomba umfukuze mlinzi, ufungue mlango, umpe na ufunguo wa msimamizi wa kompyuta, nawe unamkubalia. Antivirusi ya shilingi ngapi itakusaidia hapo, wakati wewe mwenyewe ndiye uliyeizima?

Kuna familia ya virusi vya kudai fidia inaitwa STOP, wengine huiita Djvu. Hii haihangaiki na mabenki, inawinda watu wa nyumbani, na njia yake kuu imekuwa kraki na aktiveta, yaani vijiprogramu vya kuaktivisha Windows na Office bila leseni. Inafunga picha, nyaraka na video zote kwa ufunguo, inaongeza mwisho wa ajabu kwenye kila jina la faili, na kuacha ujumbe wa _readme.txt: lipa dola 980, au dola 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Nimeletewa laptopu ya mwanachuo siku chache kabla ya kuwasilisha tasnifu, kila kitu kimefungwa, chanzo ni aktiveta ya Office. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua matoleo ya zamani ya kirusi hicho, lakini matoleo mapya mengi hayafunguki kwa sababu ufunguo wa kila mhanga uko kwa wezi. Ukipatwa, usilipe na usifute. Hifadhi mafaili yaliyofungwa, kisha angalia tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Kila zana iliyopo pale ni ya bure.

Na hao angalau wanakuambia wamefika. Wabaya zaidi kwangu ni wale wa kimya kama RedLine na Lumma. Wanaingia kwa kraki hizohizo au kwa michezo ya bure ya watoto, wanazoa nywila zote ulizohifadhi kwenye brauza pamoja na vidakuzi, na kazi imeisha. Kidakuzi ndicho kinachoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia, kwa hiyo mwizi mwenye nacho anaweza kuingia kwenye barua pepe yako bila nywila na bila ile namba inayotumwa kwenye simu. Kwa mtu aliyekaa na kraki kama wewe, ningebadilisha nywila muhimu leo, ila kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, na ningeziondoa akaunti zangu (sign out) kwenye vifaa vyote.

Kwani kraki unaihitaji? Laptopu nyingi za mtumba za Dell, HP na Lenovo zilikuwa za maofisi huko nje, zikauzwa mpya zikiwa na leseni halali ya Windows. Tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni hiyo huwa umechomwa ndani ya bodi yenyewe. Kama yako ilitoka kiwandani na Windows 10, ukipiga Windows 10 halisi ya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikishika intaneti inajiaktivisha bila kukuuliza kitu. Nimeona mafundi wakitoza watu hela ya kraki kwenye mashine ambayo leseni yake ipo ndani muda wote! Pakua kutoka tovuti ya Microsoft, weka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, umemaliza. Hata isipojiaktivisha itakuandikia maneno pembeni ya skrini na kukunyima kubadili picha ya nyuma, lakini masasisho ya usalama inapata. Badala ya Office weka LibreOffice, ambayo ni ya bure. Kwa kazi za darasani na barua za kuomba kazi inatosha.

Kuhusu bando. Najua watu wanazima masasisho kwa sababu Windows inameza GB usiku mmoja. Usizime. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi yako na uitaje kuwa ni ya kulipia kwa kipimo (metered), Windows itapunguza sana upakuaji wake. Kisha siku ukiwa penye intaneti ya bei nafuu, ipeleke ikashibe. Virusi vya WannaCry vilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufika nchi zaidi ya 150, kiraka cha tundu walilolitumia kilikuwa kimetolewa tangu 14 Machi. Hakukuwa na haja ya mtu kubofya chochote. Aliyesasisha hakuguswa kupitia tundu lile.

Hili linakuhusu moja kwa moja, maana Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kulishwa orodha ya virusi hadi Oktoba 2028, lakini orodha ya virusi haizibi matundu. Kuna masasisho ya ziada ya usalama yaliyotangazwa hadi 13 Oktoba 2026, ambayo unaweza kuyapata bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko. Kama prosesa yako ni Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, panda tu Windows 11. Kama ni ya nyuma ya hapo, aliyekushauri Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, hajakosea, ila kaa na watoto uwaonyeshe kwanza.

Watoto wapewe akaunti yao ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Programu ikitaka kujiweka kwenye mfumo itaomba nywila yako, na hapo utajua. Pia waoneshe hii ya siku hizi: tovuti inadai uthibitishe wewe si roboti, kisha inakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Hakuna tovuti ya kweli inayoomba hivyo. Hapo unakuwa umebandika amri ya mwizi na kuiendesha kwa mkono wako. Na onyesha miisho ya majina ya mafaili, maana Windows huificha, na "cheti.pdf.exe" inaonekana kama cheti.

Yale matangazo ya kona ya chini yanayosema kompyuta yako ina virusi, mara nyingi hayo si virusi. Kuna tovuti uliyoiruhusu ikutumie arifa. Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa, ifute. Usilipe mtu kwa hilo.

Aliyeshauri antivirusi mbili kwa pamoja, hapana. Zitagombana na kuzikaba zile RAM GB 4.

Tumerudi kwenye diski ya nje. Chomeka mara moja kwa wiki, nakili picha na nyaraka, chomoa. Kuchomoa ndiyo muhimu, maana kirusi cha fidia kinafunga kila diski kinayoikuta imechomekwa. Nyaraka zile za lazima, vyeti na hati ya kiwanja, weka nakala nyingine kwenye Google Drive.

Kwa hali yako ningefanya hivi: okoa mafaili kwa ile amri, yaweke kwenye diski hiyo mpya, piga Windows halisi upya, kisha ikague diski kwa Defender kabla ya kurudisha chochote. Andika hapa modeli ya laptopu na aina ya prosesa, nikuambie kama inapanda Windows 11 na kitufe gani cha kuingilia kwenye boot, yaani menyu ya kuiwasha kutoka kwenye flashi.