Kununua domeni nyingi ili upande Google: nimejaribu, kilichonikuta ni hiki

Mkuu umeuliza, ukinunua domeni (majina ya anwani za tovuti) tano zenye maneno ambayo watu wanayatafuta halafu ukaweka tovuti ileile kwenye zote, je utashika nafasi tano Google badala ya moja? Jibu ni hapana, na naomba nieleze kwa kirefu maana njia hiyo nimeipita mwenyewe na inaniuma nikiona mtu mwingine anaianza.

Nilikuwa na tovuti ya kufundisha ufundi wa cherehani, kurasa kama 60 hivi, nikaongeza domeni tatu nikakopi kila kitu. Google ikikuta ukurasa uleule sehemu nne inachagua mmoja wa kuonyesha, iliyobaki inawekwa kando. Hiyo sio adhabu, watu wengi wanachanganya hapo, ni kuchuja tu. Shida ni kwamba anayechagua ni Google sio wewe, kuna kurasa zangu zikaanza kutokea kwa domeni mpya ambayo haina mgeni wala historia, ile ya zamani niliyoihangaikia miaka ikapotea. Na linki nazo zikagawanyika, huyu ananitaja kwa domeni hii, yule kwa ile, yaani nguvu ya tovuti moja nikaitawanya mwenyewe kwenye tovuti nne dhaifu.

Nikasema basi nibadilishe maneno kidogo kidogo kila domeni ionekane tofauti. Usifanye hivyo kabisa! Tovuti kadhaa zinazotofautiana kidogo tu anwani na ukurasa wa mbele ili zinase utafutaji uleule, Google imezikataza wazi kwenye sera zake za spamu (mbinu za ujanja za kupanda kwenye matokeo). Na hilo la maneno kwenye jina la domeni, Septemba 2012 walitoa badiliko lililolenga domeni za aina hiyo zenye maudhui mabovu, kwahiyo jina peke yake halikubebi.

Kilichonisaidia ni kuchagua domeni moja, ile ya zamani, nyingine zote nikazielekeza kwake kwa 301, yaani ishara ya seva kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Na hapa ndipo nilikosea tena, kwahiyo soma vizuri. Mara ya kwanza nilielekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mbele, mtu anabonyeza somo la kubadilisha sindano anatua kwenye salamu za karibu, anaondoka. Google nayo elekezo kama hilo mara nyingi inalihesabu kama ukurasa haupo, hupati faida ya zile linki. Ikabidi nirudie ukurasa kwa ukurasa, somo la sindano liende kwenye somo la sindano, ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo yenyewe. Hakikisha pia seva inatoa 301 sio 302, maana 302 ni ishara ya kuhama kwa muda, mimi nilikaa wiki kadhaa nashangaa hakuna mabadiliko kumbe fundi aliweka 302. Na yale maelekezo usiyatoe mapema, Google wenyewe wanashauri angalau mwaka 1, na domeni hizo endelea kuzilipia.

Baada ya miezi kama minne hivi kurasa zilianza kurudi, na zile za masomo yenye picha zikapanda kuliko mwanzo.

Domeni zaidi ya moja zina kazi yake lakini, sikatai. Nunua ile ambayo watu wanakosea herufi za jina lako, au ile ambayo hutaki mtu mwingine aichukue, kisha ielekeze kwenye ile kuu. Au kama una wasomaji wa nchi tofauti na lugha tofauti, hapo kila tovuti ina maudhui yake na unaziunganisha kwa hreflang, alama ya kwenye kurasa inayoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha au nchi ipi. Ila kununua domeni zilizoisha muda ili urithi linki zake huku unaweka vitu visivyohusiana, achana nako, toka Machi 2024 imetajwa kwa jina kwenye sera za spamu za Google.

Kama tayari umeshanunua hizo tano, niambie ipi ina linki nyingi zaidi kwenye Search Console (zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti), tuanzie hapo.