Maswali na Majibu: Kivinjari Kimekataa Plagini, Tufanyeje?

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jambo moja: ukurasa uliokuwa ukifunguka vizuri sasa unaleta sanduku la kijivu na ujumbe kwamba plagini haitumiki tena. Nimechagua chache na kuzifupisha.

*Nina saiba hapa Kondele. Shule zikifungwa watoto hujaa kucheza michezo ya mtandaoni, lakini ile ya zamani haifunguki. Nilitoa Chrome nikaweka Firefox, mambo ni yale yale. Nani ameifungia saiba yangu? – Mama saiba, Kisumu*

Hakuna aliyekufungia, mama. Plagini ni programu ya kampuni nyingine inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kifanye kazi ambayo chenyewe hakikuiweza, kama vile kucheza video au mchezo. Mtindo huo ulienea na Netscape Navigator katikati ya miaka ya tisini, na wakati ule ulikuwa na maana, kwa kuwa ukurasa wa wavuti haukuwa na mengi zaidi ya maandishi na picha.

Taabu ni kwamba plagini ilifanya kazi kwenye kompyuta kwa ruhusa karibu sawa na zako wewe uliyekaa mbele yake. Ikiwa na tundu, mhalifu alihitaji tu ufungue ukurasa aliotega, naye tayari yuko kwenye mafaili yako. Flash na Java, plagini mbili zilizotumika sana, zilikuwa na matundu yasiyokwisha, leo linazibwa hili, kesho linaonekana lingine. Juu ya hayo, kivinjari kikiganda, mara nyingi plagini ndiyo iliyokigandisha.

Halafu simu zikaja. iPhone haikuikubali Flash hata siku moja, na Adobe, kampuni yenye Flash, nayo ikaacha kuitengenezea Android. Mwenye tovuti aliyetaka wateja wa simu ilimbidi ahamie HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti ambayo kwayo video na michezo vinachezwa na kivinjari chenyewe. YouTube iliifanya HTML5 kuwa njia yake ya kawaida kuanzia Januari 2015. Septemba mwaka huo Chrome 45 iliuziba kabisa mlango wa plagini za zamani. Firefox ikafuata Machi 2017 na kubakiza Flash peke yake. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash yenyewe ikawa inakataa kucheza. Ndiyo maana ulipohama kivinjari ulikutana na jibu lile lile. Michezo mingi iliyopendwa imetengenezwa upya kwa HTML5, kwa hiyo futa anwani za zamani uwawekee watoto mipya.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Fundi aliniwekea kamera miaka kadhaa iliyopita, nikawa naziangalia kupitia Internet Explorer. Nimenunua laptopu mpya, Internet Explorer haimo, na Chrome inaniambia nipakue plagini ambayo hata nikiipakua haifanyi kitu. Fundi anataka ninunue rekoda mpya, ile mashine ya kurekodi picha za kamera. Ni lazima? – Mwenye hadwea, Nakuru*

Usitoe pesa bado, mzee. Swali hili limeletwa na watu wengi kuliko yote, na mafundi wengine wanalitumia kuuza mashine.

Rekoda nyingi za miaka ile zilionyesha picha kwa ActiveX, aina ya plagini iliyokubaliwa na Internet Explorer pekee. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, lakini ndani ya Edge, ambayo tayari imo kwenye laptopu yako, waliacha hali maalumu inayofungua kurasa kwa injini ile ya zamani. Wameahidi kuiendeleza angalau hadi 2029.

Fungua Edge, bonyeza doti tatu zilizo juu upande wa kulia, uingie kwenye mipangilio. Tafuta sehemu ya kivinjari cha kawaida cha kompyuta (Default browser), na hapo uruhusu kurasa zifunguliwe kwa hali ya Internet Explorer. Zima Edge uiwashe tena. Kisha rudi pale pale uongeze anwani ya rekoda yako, ile ya tarakimu ambayo kwa kawaida huanza na 192.168. Ukiifungua sasa itakuomba uweke plagini yake. Ikubali iwapo tu inatoka kwenye rekoda yenyewe. Anwani uliyoiongeza hudumu siku 30, kisha inabidi uiweke upya. Inaudhi, najua. Iandike kwenye karatasi uibandike karibu na kaunta.

Kabla ya hayo yote, muulize fundi kama mtengenezaji wa rekoda ana programu yake ya simu au ya kompyuta. Wengi wanayo, na haihitaji kivinjari kabisa. Mimi ningeanza na hiyo. Na kama rekoda imefunguliwa ionekane kutoka nje kupitia ruta, mwambie aufunge mlango huo, maana mashine isiyopata masasisho haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Siku utakayonunua nyingine, sharti la kwanza liwe picha zionekane kwenye Chrome bila kupakua chochote.

*Shule yetu ilipewa kompyuta zenye masomo ya sayansi ya kuchorwa, mafaili yake yanaishia na .swf. Wanafunzi waliyapenda sana. Yamekufa? – Mwalimu, Kakamega*

La, Mwalimu. Mafaili hayo ni ya Flash, na kuna programu ya bure iitwayo Ruffle inayoyaelewa bila kuhitaji Flash yenyewe. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, inaitumia tangu Novemba 2020 kuonyesha vibonzo na michezo ya zamani. Ipo ya kuweka kwenye kivinjari na ipo ya kuweka kwenye kompyuta moja kwa moja. Chukua hii ya pili, kwa sababu ikishapakuliwa haidai bando: unafungua faili, somo linaanza. Masomo ya zamani kabisa huchezeka vizuri. Yale yaliyoandikwa kwa ActionScript 3, lugha ya programu ya Flash iliyokuja mwaka 2006, mengine yatakwama. Yajaribu yote kabla ya kipindi, usije ukaaibika mbele ya darasa.

*Tovuti ya filamu inaniambia nisasishe Flash Player kwanza ndipo nione. Nisasishe? – Mwanafunzi, Maseno*

Usiguse. Hakuna Flash Player mpya ya kusasisha; hicho ni kirusi kimevaa jina la marehemu. Kama umeshabonyeza, ondoa ulichopakua na uipitishe kompyuta yote kwenye antivairasi leo hii.

*Ofisi yetu ya SACCO ina mfumo wa zamani unaotaka Java ndani ya kivinjari. Meneja anasema turudishe Firefox ya 2016 na maisha yaendelee. – Karani, Vihiga*

Meneja anataka kazi iende, simlaumu. Lakini Firefox ya 2016 ina matundu ambayo wahalifu wameyajua miaka yote hii, na kwenye kompyuta hiyo hiyo mnafungua baruapepe na akaunti za wanachama. Java 8 bado ina plagini yake, nayo inaweza kufanya kazi ndani ya ile hali ya Edge niliyomweleza mzee wa Nakuru. Itumieni kwa anwani ya mfumo huo tu, wala si kwingine. Kuanzia Java 11 ya mwaka 2018, plagini iliondolewa.

Msijione mko nyuma peke yenu. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, Flash ilipozimwa, ilikuwa bado na fomu za kodi zinazoihitaji. Januari 2021 ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe ili watu wazijaze. Hiyo ni njia ya kununua muda tu, basi. Aliyewauzia mfumo awape tarehe ya kuuhamisha, na tarehe hiyo iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

*Kizuia matangazo changu kimezimwa na Chrome. Ni mambo hayo hayo ya plagini? – Bungoma*

Hapana. Hicho ni kiendelezi, yaani nyongeza ndogo inayofuata kanuni za kivinjari chenyewe, kitu kingine kabisa, na Google imebadilisha kanuni zake kupitia mpango wa Manifest V3. uBlock Origin, kimojawapo cha vizuia matangazo, imeathirika kwenye Chrome, lakini kwenye Firefox bado inafanya kazi. Hapo kuhama kivinjari kunasaidia.