Nimewapa bakteria asidi za maji taka, mbona butanoli haitoki?

Swali: Shikamoo kaka. Nafanya projekti ya chuo ya butanoli, ile pombe inayoweza kutumika kama mafuta. Nimekusanya asidi kwenye maji taka ya mkonge huku Tanga, nikaziweka kwenye chupa ya Clostridium acetobutylicum (bakteria wanaotengeneza butanoli), sijaongeza kitu kingine. Siku ya tatu leo, hakuna povu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wazo lako zuri sana, tatizo ni msosi. Hao bakteria hawaishi kwa asidi, asidi kwao ni malighafi tu, nguvu ya kuigeuza wanaitoa kwenye sukari. Kawaida wanaanza kwa kula sukari na kutema asidi asetiki na butiriki, pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ukali unaongezeka) inashuka, ikifika kwenye 5 hivi wanageuza mwendo, wanazirudisha zile asidi ndani na kutoa butanoli, asetoni na ethanoli, mara nyingi kwa uwiano wa 6:3:1. Hata Chaim Weizmann kule Uingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, alipotaka asetoni ya baruti, aliwalisha mahindi. Kwahiyo tafuta molasi, waanzishie na hiyo mpaka povu lichemke, ndo uwaongezee asidi kidogo kidogo, gramu 2 hadi 4 za butiriki kwa lita zinatosha kuanzia.

Halafu angalia pH, hapa ndo wengi wanaua chupa. Ikiwa 4.8 hivi, karibu nusu ya asidi butiriki inakuwa haina chaji, na ikiwa hivyo inapenya utando wa seli bila hodi, ikiingia nyingi bakteria wanasimama kabisa. Ndo maana nakusisitiza, asidi yako irekebishe na magadi soda kwanza, isizidi kuwa kali, ndo umimine. Nusa na chupa pia: ikinuka kama siagi iliyochacha basi butiriki bado iko pale pale, haijaguswa.

Ikikubali usitegemee nyingi, maana butanoli ikifika kama gramu 13 kwa lita inawalewesha hao hao walioitengeneza. Itoe wakati bado wanafanya kazi, pitisha gesi yao wenyewe kwenye chupa kisha uipoze, yatadondoka maji yenye butanoli nyingi, na ikizidi kama gramu 80 kwa lita utaiona inajitenga yenyewe juu kama mafuta kwenye mchuzi. Hiyo tabaka ya juu ndo unayoitaka.

Chupa ya sasa usiihangaikie, anza mpya, na hewa isiingie hata kidogo. Pima pH kila baada ya masaa sita, niandikie ukishapata namba za siku mbili.